Nukta Nyekundu za Avenyu ya Kisima

Watu wanaostaafu huwa na mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, na nimeutafuta kwenye kioo. Macho yangu ndiyo yaliyozeeka kabla yangu. Mganga wa macho alisema nikiendelea na mikroskopi nitaanza kuona malaria mahali ambapo haipo, na kwa hofu niliyozaliwa nayo sikumngoja aseme mara ya pili. Siku nilipowakabidhi ninyi vijana wa maabara ufunguo wake nilirudi kuhakikisha kama mlango umefungwa, kisha nikarudi tena, na mlicheka. Chekeni, lakini mliniomba niandike mambo ya miaka ile ya vita hapa Bunia, basi someni.

Nimechana kurasa nyingi kabla ya hii. Kila nilipoandika vizuri niliona nimesema uongo, kwa sababu mambo hayakutokea vizuri. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana hakuna cheo cha maana katika chumba chenye watu watatu na meza moja. Nitaandika habari ya ramani. Sijaielewa yote mpaka leo, na pengine ninyi mtaielewa.

Niliingia maabara kama muosha vioo. Zahanati yetu ilikuwa ndogo, ya mtu binafsi, kwenye barabara kubwa, karibu na soko. Laborantini, yaani mpimaji wa damu, alikuwa Papa Anselme, mtu mrefu aliyeinamia mikroskopi mpaka mgongo ukakubali kubaki hivyo. Siku ya kwanza alinipa ndoo ya vioo vilivyotumika, vyenye damu iliyokauka na rangi ya zambarau. Niliviosha, nikaviangalia kwenye jua, nikaona alama, nikaviosha tena. Mchana alikuja akasimama nyuma yangu.

"Weye unaosha vioo ao unavitesa?"

Nilianza kulia. Alishangaa sana. Alichukua kioo kimoja, akakigeuza, akasema, "Hii imekwaruzika sasa. Lakini iko safi. Tangu nizaliwe sijaona kioo safi hivi."

Kazi yenyewe sikufundishwa darasani. Palikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichoanza ukurasa wa katikati ya minyoo. Nilikisoma nikisubiri vioo vikauke. Neno nisilolijua nililiandika mkononi, nikamwuliza Papa Anselme jioni. Mikroskopi yetu haikuwa na umeme. Ilikuwa na kioo cha chini kinachopokea mwanga wa dirisha. Vita vilipofika mjini ilibidi tuigeuze ielekee ukuta, kwa sababu mpiganaji mmoja aliona mwanga unamulika akadhani tunawapa ishara adui zake. Papa Anselme alimwita aingie, akamwonyesha chawa mmoja chini ya lenzi. Yule kijana aliangalia, akaruka nyuma na bunduki yake, akaondoka bila neno. "Huyo hatarudi," alisema Papa Anselme. Lakini tuliigeuza hata hivyo.

Sitawaeleza vita. Wengi wenu mlikuwa wadogo, lakini mlikuwepo. Nitasema tu kwamba mji ulibadilisha watawala mara nyingi, na kila waliokuja waliweka bariyeri zao za kusimamisha watu barabarani. Barabara kubwa, ambayo zamani tuliivuka kwenda kununua chumvi, ikawa mpaka. Watu wa upande huu hawakwenda upande ule. Wagonjwa wetu walipungua, kisha wakabadilika. Tulizoea homa za watoto na mimba. Wakaanza kuja vijana wenye makovu ya shindano, yaani sindano, mikononi.

Mwanzoni sikujua ninachokiona. Papa Anselme ndiye aliyenieleza. Maduka ya dawa yalikuwa yameporwa, na ampuli za dawa ya maumivu na ya usingizi ziliuzwa sokoni kando ya nyanya. Nyingine zilitoka Ariwara, kule mpakani, pamoja na mafuta na sabuni, mikononi mwa wafanyabiashara waliothubutu njia. Mtu alipigwa risasi ya mguu, akapigwa shindano la maumivu, mguu ukapona, lakini mwili ukaendelea kudai shindano. Wengine hawakuwa na jeraha lolote. Walikuwa na yale waliyoyaona. Bomba la shindano lilikuwa gumu kupata kuliko dawa yenyewe. Kwa hiyo walikuwa na bomba moja, na mikono mingi.

Hapo akaja daktari mgeni. Timu yake ilikaa mjini muda mfupi, na yeye alikuwa mtu mpole, anayesema Kiswahili cha vitabu kuliko hata hiki ninachoandika. Alituletea vipimo vya virusi vya sida, yaani ukimwi, vile vya tone moja la damu na mistari, pamoja na maboksi ya mabomba mapya. Akasema kwamba katika miji mingine, miongoni mwa watu wanaojipiga dawa, virusi havitawanyiki sawasawa. Vinakaa mahali. Mtaa mmoja una vingi, mtaa wa pili hauna, kwa sababu watu hujipiga pamoja, na mahali wanapokutania ndipo virusi vinapohama. Tukijua mahali hapo Bunia, tutaweka hapo mtu mmoja wa kugawa mabomba safi na kupokea yaliyotumika. Alikuwa na uwezo wa kulipa mtu mmoja tu, mahali pamoja tu.

"Kipindupindu iko na adabu," Papa Anselme aliniambia daktari alipotoka. "Inafuata maji, nawe unaifuata. Hii itafuata nini?"

Daktari aliuliza nani anaweza kuchora mji. Nilisema mimi. Sijui kwa nini nilisema. Sikuwa nimechora ramani hata siku moja. Lakini nilikuwa nimetembea Bunia yote kabla ya vita, na kitu nikikianza hakinipi usingizi mpaka kinyooke. Nilichora kwenye karatasi nne zilizogundishwa. Niliweka barabara kubwa, soko, makanisa, uwanja wa ndege pembeni, kartiye, yaani mitaa, na avenyu zake. Mahali nilipopajua vizuri niliweka hata miti. Kila aliyepimwa tulimwuliza jambo moja la mahali: unakaa wapi? Jina hatukuliandika. Aliyekuwa mzima, nilitia nukta ya buluu kwenye avenyu yake. Aliyekuwa na virusi, nyekundu.

Mmoja wao nitamwita Safari, ingawa si jina lake. Alikuwa mchukuzi wa magunia, mwenye kovu pajani na mzaha mwingi. Alitoka familia ya wakulima wa vijiji vya Djugu iliyokimbia.

"Unakaa wapi, kaka?"

"Avenyu ya Kisima."

"Upande gani wa kisima?"

"Kisima gani?"

Nilimwangalia. Aliniangalia. "Aa, kile," akasema haraka. "Chini yake. Kwani weye unataka kuja kunitembelea?"

Mistari ilipotokea miwili nilimweleza kama nilivyofundishwa, polepole, machozi yakinitoka. Kisha akasema, "Dada, usilie, ni miye niko mugonjwa." Nilitia nukta nyekundu Avenyu ya Kisima.

Haikuwa ya kwanza pale. Wiki baada ya wiki nukta zilisambaa kidogo huku na huku, kama mtu aliyemwaga punje, lakini nyekundu zilijaa Avenyu ya Kisima mpaka sikuwa na nafasi ya kuzitia. Nilianza kuzichora ndogo zaidi ili zipangike. Daktari alifurahi, kama daktari anavyoweza kufurahia jambo la namna hiyo. Alisema ndivyo ilivyo kwingine pia: kitovu kimoja. Mimi sikuridhika. Nilihesabu upya, nikauliza upya, jibu lilikuwa lile lile. Sikujua kinachonisumbua ni nini. Nilidhani ni tabia yangu tu.

Avenyu ya Kisima iko nyuma ya soko, fupi, haikuwa ya upande wowote kwa hakika. Katikati yake palikuwa na kisima cha saruji, na mkabala wake nyumba yenye mparachichi. Humo alikaa Mama Alphonsine, mjane aliyewahi kusaidia kwenye kituo cha afya kijijini. Vita vilipofunga hospitali kwa watu wengi, yeye alipiga shindano za kinini kwa watoto wa jirani, na mabomba yake aliyachemsha kwenye sufuria uani. Hata waliopigwa risasi walipelekwa kwake.

Utaratibu wa kwetu mnaujua. Huwezi kuweka kitu kwenye avenyu bila kumwona chefu wake, yaani mkuu wake. Daktari alikwenda na ramani yangu kumwomba ruhusa Muzee Bosco, chefu wa Avenyu ya Kisima, dereva wa lori wa zamani mwenye sauti ya kushindana na injini. Hakutaja mtu. Alimweleza tu kwamba watu wengi wenye virusi wako hapa, na kwamba atawaletea msaada. Muzee Bosco aliitazama ramani. Aliona nukta nyekundu zimezunguka kisima. Aliona mparachichi, ambao mimi, kwa uzuri wangu wa kazi, nilikuwa nimeuchora na majani yake.

Kesho yake chefu alikusanya watu. Walisema sida inatoka kwenye sufuria ya Mama Alphonsine. Waliamua ahame, na wakampa mpaka Jumapili baada ya misa. Kwa mtu mwingine kuhama ni taabu. Kwake yeye kulikuwa kitu kingine. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, lakini jamaa zake walikwisha kufukuzwa kule, na mtu wa kabila lake akionekana ng'ambo hakurudi. Huku hakuwa na ndugu wa kumpokea. Kila mtu mkutanoni alijua hivyo. Hakuna aliyelisema.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa anakunja nguo.

"Mutoto, ni weye ulinichora?"

"Sikuandika jina lako, mama."

"Jina hapana. Lakini nyumba yangu ulichora muzuri sana. Hata muti wangu uko pale."

Nilimwuliza kama ni kweli. Najua haikuwa swali la kuuliza mtu anayekunja nguo. Hakukasirika. Alikaa kwenye mzigo wake.

"Miye nachemsha. Siku makaa iko, nachemsha muzuri. Siku makaa haipo, nachemsha kidogo. Watoto wa shindano wanakuja, wengine, si wote. Nawapatia bomba lililochemka, maana wakikosa wataokota la chini. Sasa uniambie weye uliyesoma: nimeua watu?"

Sikuwa nimesoma. Nilikuwa na kitabu kisicho na jalada. Nilimwambia sijui, na niliondoka nikijichukia kwa neno hilo, ingawa lilikuwa kweli.

Jioni ile nilirudi nyumbani kwetu, kartiye ya Lumumba. Bariyeri ilikuwa imehamishwa. Walikuwepo vijana wapya ambao sikuwajua, na lugha yao sikuwa na uhakika nayo. Mmoja alinisimamisha kwa mkono.

"Weye, unakaa wapi?"

Nikajibu, "Avenyu ya Kisima."

Sikufikiri. Mdomo ulijibu peke yake, kama mkono unavyojitoa kwenye moto. Kutaja kartiye yako wakati ule kulikuwa kutaja kabila lako, au kabila watakalolidhani, na hukujua anayekuuliza anachukia lipi siku hiyo.

"Kwa Muzee Bosco?"

"Ndiyo."

"Pita."

Nilipita. Nilipofika mbali na macho yao nikakaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimesema jibu lile mara nyingi kwa miezi mingi. Jirani zetu walilisema. Mama yangu alilisema. Na Safari, ambaye hakujua kama kuna kisima. Tulikuwa tumewauliza watu, katika chumba chenye dirisha la barabarani, swali lile lile la bariyeri, kwa maneno yale yale, na wao wakatupa jibu la bariyeri. Mwenye kutoka mbali na mwenye hofu zaidi ndiye aliyeshika jibu hilo kwa nguvu zaidi. Nilichora ramani ya hofu ya watu, nikaitia rangi ya sida.

Asubuhi nilimweleza Papa Anselme. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na miye nakaa Kisima," alisema. "Tangu mwaka jana." Kisha akachukua kofia yake, tukaenda kwa chefu.

Muzee Bosco alikuwa kwenye kiti chake mbele ya nyumba. Nilitandaza ramani kwenye mkeka. Daktari hakuwepo, sauti yangu ilikuwa ndogo, na nilianza kwa kuomba radhi, kama ninavyoanza kila kitu.

"Papa chefu, avenyu yako iko na nyumba nyingi?"

"Avenyu yangu? Mutu akikohoa kule mwisho, hapa tunasema pole."

"Basi uangalie. Nukta hizi ni watu. Wote walisema wanakaa hapa."

Aliinama. Aliweka kidole kikubwa kwenye nyekundu, akakisogeza kwenye buluu, maana na buluu zilikuwepo. "Hapana," alisema. "Hawa ni wengi kupita watu wangu, na mabibi na watoto na mbuzi. Hawa wote wanalala wapi? Kisimani?"

"Wanasema hivyo kwenye bariyeri," alisema Papa Anselme. "Hata siye."

Muzee Bosco alirudi kitini. Mke wake, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni, aliacha kutwanga.

"Wanawaleta hapa," alisema yule mama. "Wenye bunduki wanaleta mutu, wanauliza: chefu, huyu ni wako? Naye anasema wangu. Hajawahi kumuona. Anasema wangu, mutoto wa dada yangu. Huyu mwanaume iko na madada, sijui idadi!"

"Ningesema nini?" alifoka Muzee Bosco. "Ningesema si wangu, wamalize pale, mbele ya mulango wangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ilikuwa Kisima na si avenyu nyingine. Mtu mmoja alisema ndiyo, aliyeokoka akamweleza mwenzake, mwenzake akamweleza mwingine. Mji mzima ulikuwa umehamia kwa Muzee Bosco kwa mdomo, naye mwenyewe hakujua ukubwa wa kijiji chake.

Mkewe hakuwa amemaliza. Alikuja na mchi mkononi. "Umesema wangu kwa watu usiowajua. Alphonsine alipiga shindano ya malaria mutoto wako huyu akapona. Jumapili wakimukuta ng'ambo wakimuuliza anakaa wapi, atasema Kisima. Watamuleta hapa. Utasema nini?"

Sijawahi kuona mwanaume mkubwa akitafuta pa kuweka mikono yake namna ile. Hatimaye aliikunja ramani, vibaya, mikunjo nisiyoipenda, akanirudishia.

"Mwambie afungue mizigo," alisema. "Na huyo dokta wenu arudi. Tuliambiwa iko na msaada. Msaada uko wapi?"

Tulimweleza daktari kwamba kitovu chake hakipo. Alizitazama nukta. Nilidhani atakasirika. Akauliza, "Basi wanakaa wapi?" Hatukujua. "Wanajipigia wapi?" Hatukujua. Tulikuwa na mabomba, na hatukuwa na mahali. Tukiweka upande huu, wa upande ule hawatafika. Tukiweka upande ule, hawa hawatafika. Kisha Papa Anselme, aliyekuwa akiosha mikono, alisema bila kugeuka kwamba kuna mahali pamoja tu Bunia ambapo kila mmoja wao anajua kusema anakwenda, na atapitishwa.

Kwa hiyo boksi la mabomba liliwekwa uani kwa Mama Alphonsine, chini ya mparachichi, yeye ndiye akawa mgawaji. Sufuria aliitundika ukutani, hakuitumia tena kwa shindano. Walikuja. Wengine walitoka mbali kuliko nilivyothubutu kuwaza. Kwenye bariyeri walisema Avenyu ya Kisima, na kwa mara ya kwanza ndiko walikokuwa wakienda kweli.

Sasa mtaniuliza: virusi vilikaa wapi Bunia? Sijui. Nilijaribu ramani ya pili, kwa swali jingine, lakini watu walikimbia tena, kartiye zikabadilika, nikaacha. Mama Alphonsine aliniuliza tena swali lake la siku ile, miaka baadaye, nami nilijibu lile lile. Vipimo nilivisoma vizuri, mstari kwa mstari. Hilo ninaweza kuapa. Mahali sikuwahi kupasoma. Ninyi mtakaochora ramani nyingine, na naona mnazo kompyuta, kabla ya kuuliza mtu anakaa wapi, fikirini kwanza nani mwingine amemwuliza hivyo, na alikuwa ameshika nini mkononi.

Safari alikuja siku ya kwanza ile. Nilikuwepo kusaidia kupanga. Alirudisha bomba lake la zamani, akapokea mapya, akayatia mfukoni. Hakuondoka. Alizunguka ua akiangalia huku na huku, kisha akamwuliza Mama Alphonsine kitu kwa sauti ya chini. Mama alimshika mkono, akamvusha njia, akamwonyesha.

Aliegemea ukingo wa saruji, akachungulia ndani kwa muda.

"Njo hii kisima?" alisema. "Miye nilifikiri iko mukubwa."